Kufunga wilikapu kwenye rimu za chuma mwenyewe nyumbani: mwongozo kamili mpaka zikae zisichomoke

Gari yangu ni Toyota Vitz, ile ya toleo la pili, rimu za chuma inchi 14, na tangu niwe nayo nimeshaifunga wilikapu seti tatu. Seti ya kwanza haikumaliza mwezi. Moja ilichomoka Mandela Road natoka Tabata naelekea Ubungo, nikasikia tu kitu kimegonga chini, kuangalia kioo naona bodaboda aliyekuwa nyuma yangu anayumba kuikwepa. Hakuanguka, Mungu mkubwa, ila tangu siku hiyo wilikapu kwangu sio pambo tena, ni kitu ambacho kikichomoka kinaenda kumkuta mtu mwingine kabisa ambaye hajui hata kama ulikuwa unapendezesha gari.

Niliporudi nyumbani nikakagua tairi moja moja ndo nikaelewa kwamba wilikapu zenyewe hazikuwa na shida. Shida ilikuwa chini yake. Rimu moja ukingo ulikuwa umepinda kidogo, nyingine ilikuwa na kutu mpaka klipu za nyuma ya wilikapu hazina pa kushika, na mbili zilikuwa na risasi za balansi (vile vipande vya kusawazisha tairi) pale pale ambapo ukingo wa wilikapu unakaa. Kwaiyo humu kazi kubwa utaiona iko kwenye rimu, kupachika kwenyewe ni dakika 5.

Naposema wilikapu namaanisha vile vifuniko vya plastiki vinavyofunika rimu nzima, wengine wanaita wilikava, wengine vifuniko vya rimu. Vile vidogo vya katikati tu kama vya Probox ni kitu kingine, vile vinabanwa kwenye tundu la katikati na havina mambo mengi. Na kama gari yako ina spoti rimu (zile za aloi) usihangaike, hizi hazikai huko, zinataka ukingo wa rimu ya chuma.

Anza kwa kujua saizi, na usipime kwa tepu

Hapa ndo watu wengi wanapigwa, na mimi karibu nipigwe. Ukichukua tepu ukapima rimu ya inchi 14 kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine unapata kama sentimita 38 au 39, ambazo ni inchi 15 na kitu, basi unaenda dukani unaomba namba 15 na unarudi na kitu ambacho hakiingii. Sababu ni kwamba saizi ya rimu inapimwa pale tairi linapokalia ndani, ambapo kwa inchi 14 ni sentimita 35.6, ule ukingo unaouona kwa nje ni mkubwa zaidi.

Soma ubavu wa tairi. Utaona maandishi kama 165/70R14, na ile namba baada ya R ndo saizi ya rimu, basi. Soma matairi yote manne, sio moja, maana hizi gari zetu za mkononi unaweza kukuta mwenye gari wa kwanza alibadilisha rimu mbili za nyuma kwa sababu zake na wewe hujawahi kugundua.

Alafu angalia ukingo wa rimu kwa ndani kidogo, yaani pale chuma kinapojikunja kuelekea katikati. Pitisha kidole kuzunguka. Rimu nyingi zilizokuja na gari kutoka kiwandani zina kama ngazi ndogo au vijivimbe pale, na ndo klipu za wilikapu zinashikilia hapo. Kuna rimu za chuma zilizotengenezwa zitumike wazi, hizo unakuta pako laini moja kwa moja, na kwenye rimu ya hivyo hata ununue wilikapu ya bei gani itachomoka tu.

Dukani uangalie nini

Dar wengi tunaenda Gerezani kule Kariakoo au Ilala, Nairobi watu wanaenda Kirinyaga Road. Popote utakapoenda nenda na gari yenyewe, na kabla hujalipa mwombe muuzaji mjaribishe moja kwenye tairi. Akikataa au akakwambia inaingia tu usiwe na wasiwasi, tafuta duka lingine.

Geuza wilikapu uangalie nyuma, mbele usiwe na haraka nako. Nyuma kuna klipu za plastiki zimezunguka na kuna ringi ya waya wa chuma imepita kwenye klipu zote, hiyo ringi ndo spring inayosukuma klipu zibane rimu. Minya klipu moja kwa kidole gumba: inatakiwa iende kidogo na irudi yenyewe. Ikilia kama inakatika au ikionesha mstari mweupe pale ilipojikunja, plastiki hiyo ni kavu, achana nayo. Kunja na mwili wenyewe kidogo kwa mikono miwili, plastiki nzuri inakubali, mbaya inakuwa ngumu kama sahani. Ringi isiwe na kutu na isiwe na waya mwembamba wa kama hanga ya nguo.

Angalia pia nafasi za kupitisha hewa. Wilikapu iliyofunikwa karibu yote inapendeza sana, nakubali, lakini breki zinahitaji hewa ili zipoe, na kama wewe ni mtu wa safari za Iringa unaushuka Kitonga na gari imejaa mizigo basi chagua yenye matundu ya kutosha. Breki ikipata moto kupita kiasi inapungua nguvu, na ile plastiki iliyo karibu nayo inalainika inajikunja.

Kuna miundo ambayo ina mapanga kama ya feni yanaelekea upande mmoja. Seti nyingi zinakuja zote nne zinaelekea upande uleule, kwaiyo kushoto mapanga yatakaa yanaelekea mbele na kulia yanaelekea nyuma. Kwa gari haina madhara yoyote, ila kama ni mtu wa kuangalia vitu kama hivyo chukua muundo ulionyooka kama nyota, utaepuka kero.

Kuna na aina ambayo haina klipu, inabanwa na nati zenyewe za tairi. Hiyo inatumika kwa gari iliyotengenezwa nayo tu. Usije ukachukua wilikapu ya kawaida ukaitoboa ili nati ziibane, maana nati inatakiwa ikalie chuma kwa chuma, ukiweka plastiki katikati inabonyea taratibu na nati inalegea barabarani.

Vitu vya kuwa navyo

Jeki, wili spana, stendi ya kuweka chini ya gari kama unayo, mawe mawili ya kuzuia tairi. Brashi ya waya, msasa namba 80 kwa ajili ya kutu na namba 400 na 600 kwa ajili ya plastiki. Sabuni ya vyombo, ndoo, vitambaa vikavu. Plaizi, bisibisi bapa. Kebo tai nyeusi, zile za plastiki za kufungia waya, chukua nyeusi kwa sababu nyeupe zinaliwa na jua haraka. Kama utapaka rangi ongeza praima ya plastiki (rangi ya kwanza ya kushikisha), rangi ya kupuliza, kliya (ile isiyo na rangi ya kumalizia juu), masking tepu na magazeti. Nyundo ya mpira ni nzuri lakini mimi natumia kiganja, na nadhani kiganja ni bora kwa sababu kinakwambia klipu imeingia au bado.

Kazi ya rimu

Paki sehemu ya sawa na ngumu, sio kwenye mchanga, vuta hendibreki, weka gia, weka mawe kwenye tairi za upande ambao hunyanyui. Legeza nati nusu mzunguko gari ikiwa bado chini, alafu ndo upige jeki. Usiingize mkono wala kichwa chini ya gari iliyosimama kwa jeki peke yake, weka stendi, na kama huna basi laza tairi la spea au lile ulilolitoa chini ya bodi ili jeki ikiteleza gari ikalie tairi.

Tairi likitoka lilaze chini uso wa nje ukiwa juu. Osha kwa sabuni, toa ile vumbi nyeusi ya breki yote. Sasa angalia vitu vitatu.

Kwanza ukingo. Ukiona pameingia ndani kwa sababu ya shimo la barabarani, peleka kwa fundi wa kunyoosha rimu kabla ya kitu kingine. Klipu iliyo sehemu iliyopinda haishiki chochote, na klipu za jirani zinabeba kazi yake mpaka nazo zinachoka.

Pili kutu. Sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, hewa ya chumvi inakula rimu za chuma kimya kimya, na ukishaweka wilikapu juu unyevu unakaa mle ndani muda mrefu na wewe huoni. Piga brashi ya waya, alafu msasa namba 80 mpaka ule unga mwekundu uishe na chuma kionekane, futa vumbi, pakaa ridi oksaidi, ile praima nyekundu ya chuma, ikikauka piga rangi nyeusi isiyong'aa sana mikono miwili myepesi, yaani ipake mara mbili. Nyeusi ina sababu, kwenye matundu ya wilikapu rimu nyeusi haionekani, ila ikiwa ya kijivu yenye mabaka ya kutu itaonekana na kuharibu kazi yote.

Ila kuna sehemu mbili usiguse na rangi. Pale nati zinapokaa, zile shimo zenye mteremko, na uso wa nyuma wa rimu unaogusana na habu, yaani kile chuma cha gari ambacho tairi linafungwa. Rangi nene ikikaa hapo, ukikaza nati inakuwa umekazia rangi sio chuma, baada ya muda rangi inasagika na nati zinalegea zenyewe. Ziba kwa masking tepu au paka grisi kidogo kwenye hizo shimo kabla ya kupuliza, ukimaliza futa grisi yote vizuri na kitambaa chenye spiriti.

Tatu risasi za balansi. Hivi ni vile vipande vidogo vya chuma vilivyobanwa kwenye ukingo wa rimu. Chukua wilikapu, ilaze juu ya rimu, tundu la valvu likae kwenye valvu, alafu angalia ukingo wake unapita wapi. Ukikuta risasi inanyanyua wilikapu sehemu fulani, umeshajua itakapoanzia kuchomoka. Huwezi kuizungusha ili uikwepe kwa sababu valvu ina sehemu moja tu. Na usiing'oe risasi ukatupa, usukani utaanza kutetemeka ukifika mwendo wa 80 au 90. Dawa yake ni kurudi kwa wanaofanya wili balansi uwaambie watoe za kubana kwa nje waweke za kubandika kwa ndani. Sehemu ya kubandikia iwe safi na kavu kabisa la sivyo zinadondoka. Mimi nilifanya hivi kwa tairi zote nne na hilo peke yake lilimaliza zaidi ya nusu ya matatizo yangu.

Ukiwa kwa hao mafundi cheki na urefu wa valvu. Valvu za mpira zilizozoeleka ni TR413, na kuna ndefu kidogo inaitwa TR414 ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya hali kama hii, wilikapu inapokula urefu. Kama valvu yako imezama kiasi kwamba kichwa cha pampu hakishiki, badilisha iwe TR414 wakati tairi limefunguliwa. Vile virefusho vya kuungia juu ya valvu sivipendi, vinatikisika na vinavujisha upepo.

Rudisha tairi na ukaze nati kwa usahihi

Nimeipa sehemu yake hii kwa makusudi kwa sababu ukishafunga wilikapu huzioni nati tena, miezi inapita. Rudisha tairi, zungusha nati kwa mkono kwanza mpaka zote zikae, shusha gari, alafu kaza kwa kuvukana. Za nne unakaza moja unahamia inayotazamana nayo, za tano unafuata mchoro wa nyota. Toyota nyingi ndogo nati ni ya spana 21 na kipimo cha kukaza ni Nm (nyutoni mita) 103.

Kama huna spana ya kupimia, hesabu ni rahisi. Shika wili spana sentimita 30 kutoka kwenye nati na usukume chini kwa uzito wa kama kilo 35, hapo uko karibu kabisa na hiyo 103. Usipande juu ya spana na kuruka kama tunavyoona vijiweni, utavuta stadi (ile bolti inayoshika nati) mpaka ije ikatike siku nyingine, tena kijiweni hutakuwepo utakuwa Chalinze usiku.

Kuzifanya ziwe zako: rangi na stika

Kama umenunua zilizo tayari unazipenda ruka hapa. Mimi za kwangu saivi ni kijivu cha mkaa na mstari mwembamba mwekundu ukingoni, nilizinunua za fedha za kawaida kabisa.

Toa ringi ya waya kwanza, kumbuka ilivyokaa, piga picha na simu. Osha wilikapu na sabuni ya vyombo mara mbili, maana plastiki mpya inakuja na mafuta ya kiwandani na ya zamani ina nta za kaoshi (wanapoosha magari), na rangi haishiki juu ya hivyo vyote. Zikikauka pitisha msasa namba 400 na maji, alafu 600, usisugue kama unafua, unachotaka ni kuondoa ule mng'ao tu mpaka uso wote uwe kama una ukungu. Kona na mitaro ndo muhimu zaidi, rangi huanza kubanduka huko. Zile zilizopigwa kromu ni mtihani, usipoua mng'ao wote rangi itatoka kama ganda la yai.

Futa kwa spiriti. Usitumie thina kufuta, thina kali inayeyusha baadhi ya plastiki, uso unakuwa unanata na hapo hakuna kurudi.

Ziba klipu zote za nyuma na masking tepu, klipu isipakwe rangi, ikipata unene inakaa vibaya na inakuwa ngumu. Praima ya plastiki mkono mmoja mwepesi, subiri kama kopo linavyosema. Alafu rangi, kopo likae sentimita 20 mpaka 25 kutoka kwenye kitu, anza kubonyeza kabla hujafika kwenye wilikapu na uachie ukishaipita, mkono usisimame. Mikono mitatu myepesi, kati ya mmoja na mwingine dakika 10 mpaka 15. Mkono wa kwanza utaona kama haujafunika, ndo inavyotakiwa, ukilazimisha ufunike rangi inatiririka na utaanza upya na msasa.

Muda ni asubuhi, kabla upepo haujaanza na kabla jua halijawa kali. Saa 7 mchana juani rangi inakauka hewani kabla haijafika, uso unakuwa na chengachenga kama mchanga. Mvua ikiwa karibu pia acha, unyevu unaifanya kliya iwe na ukungu mweupe. Na usipulizie ndani chumbani watoto wapo, hewa yake ni mbaya, vaa barakoa, kaa sehemu ya wazi.

Ukitaka rangi mbili, acha ya kwanza ikauke usiku mzima, ziba na masking tepu, bana ukingo wa tepu kwa ukucha, puliza ya pili, na utoe tepu rangi ikiwa bado haijakauka kabisa, ukisubiri ikauke itang'oka na vipande. Stika kama jina au mstari zibandike kabla ya kliya, alafu kliya mikono miwili juu yake, hivyo presha ya kaoshi haitazing'oa kirahisi.

Baada ya hapo ziache. Saa 24 kabla ya kuzishika shika, na mimi naongeza siku mbili zaidi kabla ya kufunga kwa sababu joto letu lina unyevu na rangi inayoonekana kavu bado inachukua alama za vidole.

Kupachika sasa

Rudisha ringi ya waya. Ukiiangalia utaona sehemu moja imepindwa kama herufi U ndogo. Hiyo sehemu inakaa kwenye tundu la valvu, ili waya uizunguke valvu usiikalie. Watu wengi wanaipachika popote, alafu waya unasuguana na valvu ya mpira kila tairi linavyozunguka, siku moja asubuhi unakuta tairi limelala na fundi pancha haoni msumari. Hakikisha ringi imeingia kwenye kila klipu, zunguka na kidole zote. Baadhi ya wilikapu klipu zina nafasi mbili za kukalishia waya, ya nje inabana zaidi. Anza na ya ndani, ikionekana imelegea ndo uhamie ya nje.

Anika wilikapu juani dakika 10 kabla ya kuzifunga. Plastiki yenye joto inajipinda, ya baridi inapasuka. Walioko Njombe, Mbeya au Limuru asubuhi ya baridi wazitumbukize kwenye maji ya uvuguvugu, wazifute ndo wafunge. Usipake mafuta wala grisi kwenye klipu ili ziingie kirahisi, kinachoingia kirahisi hivyo ndo kinatoka kirahisi hivyo hivyo.

Sogeza gari mpaka valvu iwe chini. Ingiza valvu kwenye tundu lake, ibonyeze wilikapu pale kwenye valvu mpaka usikie tap, izuie kwa goti. Sasa piga kwa kiganja upande wa kushoto kidogo, kisha kulia, kushoto, kulia, unapanda taratibu mpaka ukutane juu. Piga juu ya klipu zilipo, kwenye ukingo, sio katikati, katikati ndo panapasuka. Ile ya mwisho ya juu ndo ngumu, itataka nguvu kidogo, na ikikataa kabisa usiiongezee ngumi, toa uanze tena kwa sababu mara nyingi ni klipu moja imejikunja chini.

Ikishaingia angalia pengo kati ya wilikapu na rimu kuzunguka duara zima, linatakiwa lifanane. Ikamate na vidole vya mikono miwili uvute. Isisogee. Jaribu na kuizungusha, nayo isizunguke, maana ikizunguka inakata valvu.

Kebo tai, hata kama imebana

Nafahamu wapo wanaosema kebo tai zinaharibu muonekano. Ukitumia nyeusi na ukaipitisha kwenye tundu la wilikapu na tundu la rimu lililo nyuma yake mtu hazioni mpaka achuchumae. Weka mbili kwa kila tairi, zitazamane. Kichwa cha tai kikae upande wa nje kwenye kivuli cha muundo, mkia ukate karibu kabisa. Kwa ndani kuna kitu cha kuangalia sana: tai ipite imelala kwenye chuma cha rimu, isining'inie, kwa sababu nyuma yake kuna kaliper ya breki (kile chuma kinachobana diski) na nafasi kwenye rimu za inchi 13 na 14 ni ndogo. Piga jeki uzungushe tairi kwa mkono usikilize, ukisikia inagusa ihamishe.

Zinasaidia na wizi pia. Wilikapu isiyofungwa inatolewa kwa sekunde 5 gari ikiwa imepaki, iliyofungwa inamtaka mwizi awe na plaizi na muda.

Waya wa bainding sio mbadala mzuri, nimejaribu, unakwaruza rangi ya rimu na kutu inaanzia pale pale ulipokwaruza.

Safari ya kwanza

Usiende mbali. Zunguka mtaani kilomita 5 hivi, tafuta barabara mbovu makusudi, pita matuta, funga breki kwa nguvu mara kadhaa, kata kona kushoto na kulia. Rudi uangalie lile pengo kama bado linafanana kuzunguka. Sogeza pua karibu na kila tairi, usiguse, ukisikia harufu ya plastiki inayoungua kuna kitu kinagusa breki, au breki yenyewe inashika, na hilo linataka fundi.

Kelele ya kwikwikwi ukitembea polepole ni ya kawaida kwa wilikapu mpya, ni ukingo wa plastiki unasuguana na rimu. Toa, safisha mchanga ulioingia katikati, bandika vipande vidogo vya tepu ya umeme kwenye ukingo wa nyuma sehemu nne au tano, rudisha. Kama inaendelea hamishia ringi kwenye nafasi ya nje. Kelele ya kugonga, tak tak tak inayoongezeka na mwendo, hiyo usiichekee, simama uangalie nati kwanza kabla ya kulaumu wilikapu.

Ukitembea kilomita 50 mpaka 100 toa wilikapu zote urudie kukaza nati, hasa kama ulizitoa tairi. Najua inauma kukata tai ulizofunga juzi. Fanya tu, tai ni za bei ndogo.

Ukipata pancha njiani

Kwenye buti weka kisu kidogo au plaizi, kebo tai za ziada kama 10 hivi, na bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa. Kata tai, ingiza bisibisi kwenye ukingo upande unaotazamana na valvu, nyanyua taratibu sehemu moja, sogea sentimita 10 nyanyua tena, ikishaachia nusu shika kwa mikono uvute. Ukianzia kwenye valvu unavunja lile tundu.

Kama kuna mtu mwingine anaendesha gari yako, mke, mdogo wako, dereva, mwoneshe hili kabla. Wilikapu nyingi zina nati za plastiki za mapambo zinazofanana kabisa na za kweli, na nimeshakuta mtu anazilazimisha na wili spana usiku pembeni ya barabara mpaka zikakatika zote, wakati nati za kweli zipo nyuma zinasubiri. Na wakati wa kuirudisha baada ya pancha usiifunge pale pale barabarani kama rimu imejaa tope, tupa kwenye buti, nenda nyumbani na tairi wazi, uioshe kesho yake asubuhi ndo uifunge.